NYUZI SITA NA MISTARI MITANO

1. Kijana aliyecheza asichokisoma

Katika kijiji kimoja cha pwani ya Ziwa Nyasa, karibu na Liuli, alikuwako kijana mwenye sikio jema. Wimbo aliousikia mara mbili, mara ya tatu aliuimba mwenyewe bila kukosa. Tangu utoto wake alikuwa amejitengenezea gitaa la kopo la mafuta na nyuzi za breki ya baiskeli. Alipofika madarasa ya juu, Mwalimu wa nyimbo akamwazima gitaa la kweli la shule, pamoja na kitabu cha mazoezi mepesi.

Desturi ya Mwalimu ilikuwa kulicheza zoezi kwanza yeye mwenyewe, wanafunzi wakisikiliza. Kijana yule alisikiliza, akavitazama vidole vya Mwalimu, kisha akaenda zake. Baada ya siku mbili alirudi, akakifungua kitabu mbele yake, akalicheza zoezi lote tangu mwanzo hata mwisho. Wenzake wakamsifu. Mwalimu naye akafurahi, akampa la pili, na la tatu.

Siku ya zoezi la nne Mwalimu aliweka kidole katikati ya ukurasa, akasema, "Mwanangu, anzia hapa." Kijana akanyamaza. Akatazama kitabu, akatazama gitaa, akatazama chini. Mwishowe akasema, "Nisamehe, Mwalimu. Nikianza mwanzo nafika mwisho, lakini hapo katikati sipajui. Macho yangu yako kitabuni, walakini sisomi."

Mwalimu hakumkasirikia. Alimwuliza, "Mtu aijuaye njia ya Mbamba Bay kwa kumfuata mwenzake tu, siku mwenzake asipokuwapo atafikaje? Sikio lako ni mali, wala usilitupe. Lakini sikio hushika kile tu ambacho mtu amekuimbia au amekuchezea. Mtunzi wa zoezi hili amekufa karibu miaka mia mbili iliyopita. Hawezi kuja Liuli akuchezee. Ametuachia karatasi. Basi, tuanze upya."

Wewe pia, msomaji, anza pamoja na kijana huyo. Kwanza tujue mistari hii ilitoka wapi.

2. Mistari ilitoka wapi

Hapo kale watawa wa Ulaya waliimba zaburi kwa kukumbuka. Juu ya maneno waliandika vialama vya kuonyesha kwamba sauti yapanda au yashuka, lakini havikuonyesha yapanda kiasi gani. Kwa hiyo aliyeujua wimbo alikumbushwa, bali asiyeujua hakufundishwa neno.

Guido wa Arezzo, mtawa wa Mtakatifu Benedikto katika nchi ya Italia, aliyezaliwa yapata mwaka 991, aliwahurumia waimbaji. Aliandika ya kuwa walitumia miaka kumi ya kujifunza, na hata hivyo hawakujua vema. Akatengeneza mistari, na kila mstari na kila nafasi iliyo kati ya mistari akaipa sauti yake. Mstari wa fa aliutia rangi nyekundu, na wa do rangi ya manjano, ili jicho lisipotee. Tena alitwaa wimbo mmoja wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila kifungu chake kilianza kwa sauti iliyo juu ya kile kilichotangulia, akatwaa silabi za kwanza za vifungu hivyo: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut iliitwa do, na si ikaongezwa.

Papa Yohane wa 19 alipopata habari alimwita Guido aje Roma. Akakifungua kitabu chake, akayasikiliza maelezo, wala hakuinuka mahali pake mpaka ameimba mwenyewe mstari mmoja ambao hakuwa ameusikia kamwe. Hiyo ndiyo faida ya kusoma nota: mtu kuimba asichoimbiwa na mtu.

Watawa wa Benedikto ndio waliofika Peramiho mwaka 1898, na Kigonsera, katika nchi ya Mbinga, mwaka 1899. Basi elimu hii ya mistari si ngeni katika milima yetu.

Watu wa pwani na wa milimani watauelewa mfano huu. Wamatengo wa Mbinga hulima kwa ngolo. Hulaza majani katika miraba, huyafunika kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo. Mvua ikija, maji hukaa mashimoni, wala hayauchukui udongo kwenda bondeni. Wimbo usioandikwa ni kama shamba la mlimani lisilo na ngolo: kila mwaka huondoka kidogo, na mwenye shamba haoni, mpaka siku atakapokuta mawe matupu.

3. Solfa na mistari

Wengi wenu mmekwisha kujifunza solfa katika kwaya: d, r, m, f, s, l, t. Mpango huo ulianzishwa Uingereza na mwanamke aitwaye Sarah Glover, ukatengenezwa zaidi na John Curwen (1816–1880), na wamisheni wakaueneza katika Afrika. Solfa ni rafiki mwema wa mwimbaji. Tena t ya solfa ndiyo si ya somo letu.

Lakini liangalieni jambo moja. Katika solfa do huhamahama: leo yaweza kuwa chini, kesho juu, kwa kufuata wimbo. Koo la mtu hukubali, maana koo halina vyumba wala nyuzi. Gitaa lina nyuzi, na kila uzi una mahali pake. Kwa hiyo katika somo hili do haihami. Ina mahali pake pamoja na jina lake. Tena mpiga gitaa hutoa sauti mbili au tatu kwa wakati mmoja kwa mkono mmoja, na mistari mitano humwonyesha zote kwa mara moja, iliyo juu ikiwa juu na iliyo chini ikiwa chini.

4. Walimu wa zamani wa gitaa

Mmoja wa watunzi waliowatungia wanaoanza ni Fernando Sor, aliyezaliwa Barcelona, katika nchi ya Hispania, mwaka 1778. Alipokuwa mtoto alifundishwa muziki katika shule ya waimbaji ya Montserrat, nyumba ya watawa wa Benedikto iliyo juu ya mlima. Mwaka 1813, baada ya vita, aliiacha nchi yake, akaenda Paris. Akakaa pia London na Moscow, kisha akarudi Paris, akafa huko mwaka 1839. Katika miaka yake ya mwisho alitoa kitabu cha mafunzo 25 kwa wanaoanza. Ni kazi yake ya 60. Funzo la kwanza huendeshwa kwa sauti moja moja tu, ili mwanafunzi asibebeshwe mzigo mkubwa siku ya kwanza. Mtu huyu alikuwa ametunga hata opera, walakini hakuona haya kuandika sauti moja moja kwa ajili ya wadogo.

Wengine ni Ferdinando Carulli wa Napoli (1770–1841), Matteo Carcassi aliyefundisha Paris, na Mauro Giuliani (1781–1829), aliyekaa Vienna, ambaye aliandika mazoezi 120 ya mkono wa kuume peke yake. Siku zao nyuzi nyembamba zilikuwa za matumbo ya wanyama. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945 nailoni ilishika mahali pake, kitu kilekile kifanyacho mishipi na nyavu za wavuvi wetu.

5. Jinsi ya kusoma

(a) Mistari. Chora mistari mitano iliyolala. Ihesabu kuanzia chini, kama mtu apandaye ngazi. Kati ya mistari mitano zimo nafasi nne. Nota hukaa ama juu ya mstari, hata mstari umpite katikati ya tumbo, ama katika nafasi.

(b) Ufunguo. Mwanzoni mwa mistari utaona alama iliyojikunja kama konokono. Huo ndio ufunguo wa sol. Kitovu chake huuzunguka mstari wa pili, kana kwamba wasema, "Hapa ndipo sol." Sasa pigeni uzi wa tatu wa gitaa bila kuugusa kwa mkono wa kushoto. Sauti itokayo ni hiyo sol. Tazameni jinsi ilivyo rahisi: sauti inayotajwa na ufunguo ni uzi ulio wazi.

(c) Nyuzi. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba, ulio karibu na magoti. Wa kwanza ni mi, wa pili si, wa tatu sol, wa nne re, wa tano la, wa sita mi ya chini. Mi ya kwanza hukaa katika nafasi ya nne, si katika mstari wa tatu, sol katika mstari wa pili. Re ya uzi wa nne huning'inia chini ya mstari wa kwanza. La na mi ya chini hazipati mahali katika mistari mitano, kwa hiyo huandikiwa vijistari vya kuongeza: la hukaa juu ya kijistari cha pili, na mi chini ya kijistari cha tatu. Jueni pia ya kuwa gitaa hulia oktava moja chini ya ilivyoandikwa. Imekubaliwa hivyo ili mistari mitano itoshe.

(d) Vyumba. Shingo ya gitaa imegawanywa kwa vijiti vya chuma. Nafasi iliyo kati ya kijiti na kijiti tuiite chumba. Kidole cha shahada hushika chumba cha kwanza, cha kati chumba cha pili, cha pete chumba cha tatu. Sasa pandeni ngazi hii polepole:

Sol: mstari wa 2, uzi wa 3, wazi.
La: nafasi ya 2, uzi wa 3, chumba cha 2.
Si: mstari wa 3, uzi wa 2, wazi.
Do: nafasi ya 3, uzi wa 2, chumba cha 1.
Re: mstari wa 4, uzi wa 2, chumba cha 3.
Mi: nafasi ya 4, uzi wa 1, wazi.
Fa: mstari wa 5; uzi wa 1, chumba cha 1.
Sol ya juu: juu ya mstari wa 5; uzi wa 1, chumba cha 3.

Angalieni kwamba kutoka si hata do ni chumba kimoja tu, na kutoka mi hata fa vilevile; penginepo ni vyumba viwili. Mwimbaji hulisikia jambo hilo, lakini mpiga gitaa huliona kwa macho na kulishika kwa kidole.

(e) Wakati. Mahali pa nota huonyesha sauti. Umbo lake huonyesha urefu. Nota nyeupe isiyo na kijiti hukaa mapigo manne. Nyeupe yenye kijiti hukaa mawili. Nyeusi yenye kijiti hukaa moja. Nyeusi yenye kijiti na bendera hukaa nusu ya pigo. Mistari ya kusimama huyagawa mapigo katika vipimo vilivyo sawa. Wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja, mchi huu ukishuka na ule ukipanda, msikilizaji huhesabu moja, mbili, moja, mbili. Akija wa tatu, huhesabu moja, mbili, tatu. Ndivyo vilivyo vipimo vya muziki: tarakimu ya juu mwanzoni mwa wimbo hukuambia idadi ya mapigo ya kila kipimo.

(f) Sauti mbili. Katika vitabu vya gitaa utaona nota zenye vijiti vilivyoelekea juu, na nyingine vilivyoelekea chini. Mara nyingi za juu ndizo wimbo, nazo hupigwa kwa vidole. Za chini ni sauti nene, nazo hupigwa kwa dole gumba. Hao ni watu wawili katika mtumbwi mmoja: mmoja apiga kafi, mwingine aongoza. Usimwache mmoja aende peke yake.

6. Zoezi

Nakili zoezi hili kwa mistari mitano, kila kipimo mapigo manne:

Kipimo cha 1: sol, la, si, sol (pigo moja kila nota).
Kipimo cha 2: do, si (pigo moja kila nota), la (mapigo mawili).
Kipimo cha 3: si, do, re, si (pigo moja kila nota).
Kipimo cha 4: sol (mapigo manne).

Ukiisha kulicheza bila kukosa, ongeza dole gumba katika pigo la kwanza la kila kipimo, uliache lilie mapigo manne: kipimo cha 1, mi ya uzi wa sita, cha 2, la ya uzi wa tano, cha 3, re ya uzi wa nne, cha 4, sol ya chini, yaani uzi wa sita, chumba cha tatu.

Kabla ya kugusa gitaa, yataje majina ya nota kwa sauti huku ukipiga mapigo kwa mkono mezani. Halafu cheza kipimo cha 4 peke yake, kisha cha 3 na cha 4, kisha cha 2 hata mwisho. Achezaye kwa kuanza nyuma hawezi kujidanganya, maana sikio bado halijaujua wimbo; ni lazima macho yafanye kazi.

7. Makosa ya kuepuka

Usiandike jina la nota chini ya kila nota. Ukiandika, macho yatasoma jina, nayo nota itakuwa pambo tu. Usicheze upesi, upesi huficha ujinga kwa muda, kisha huufunua mbele ya watu. Usitazame vidole muda wote. Tena usidharau zoezi kwa kuwa ni jepesi. Dakika 15 kila siku zafaa kuliko saa mbili za Jumamosi.

8. Wimbo wa Babu

Kijana wetu alijifunza hivyo mwaka mzima. Mara ya kwanza aliona uchungu, kwa sababu alikuwa fundi wa wenzake, na sasa alikokota nota moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini siku moja alifungua ukurasa ambao Mwalimu hajaucheza bado, akausoma, na wimbo ukatoka. Alisimama, akatazama nyuma kama kwamba kuna mtu aliyemwimbia.

Kijana huyo alikuwa na babu yake, mvuvi wa usipa, ambaye usiku alipopiga kafi aliimba wimbo wa baba zake. Vijana walipokwenda kucheza mganda hawakuuimba huo, na wazee walioujua walibaki watatu, kisha mmoja. Kijana akamwambia, "Babu, niimbie, niandike." Babu akacheka, "Mjukuu wangu, wimbo waandikwaje? Si barua." Lakini akaimba.

Kazi ilikuwa ngumu. Babu aliimba mara tatu, na kila mara tofauti. Palikuwa na sauti moja iliyokuwa juu ya mi, lakini haikufika fa. Tena mwisho wa kila mstari alingoja, muda usiohesabika kwa mapigo. Kijana alimwendea Mwalimu kwa huzuni, akasema, "Mistari haitoshi." Mwalimu akajibu, "Ndivyo. Wavu hukamata samaki, haukamati maji. Andika kile kinachorudi katika mara zote tatu. Juu ya ile sauti andika kwa maneno ya kuwa ni juu kidogo ya mi. Na pale angojapo, muulize angoja nini."

Babu alipoulizwa alisema, "Nangoja wimbi lipite." Kijana akaandika hivyo hivyo, chini ya nota: hapa ngoja wimbi lipite.

Mwaka uliofuata Babu alifariki. Kijana alikuwa amekwisha kumpa Mwalimu nakala moja, na Mwalimu alipohamishiwa shule ya milimani Mbinga alikwenda nayo. Baada ya miaka kadhaa, bibi wa kijana, mjane wa yule mvuvi, alipanda Mbinga kumtazama mwanawe. Jioni moja alipita karibu na shule, akasikia gitaa. Akasimama njiani. Kisha akaingia uani, akamkuta msichana mdogo amekaa na karatasi mbele yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wimbo huo nani amekufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha, Bibi. Nimeusoma hapa."

"Umewahi kufika ziwani?"

"Bado, Bibi. Lakini imeandikwa kwamba hapa ningoje wimbi lipite, nami hungoja."

Bibi akaketi chini. Hakusema neno. Msichana akaanza tena tangu mwanzo, na bibi akaimba pamoja naye. Na walipofika pale pa kungoja, wote wawili wakangoja.

Maswali

1. Kwa nini kijana hakuweza kuanzia katikati ya zoezi la nne?
2. Vialama vya zamani vilikosa nini, na Guido aliongeza nini?
3. Eleza kwa nini do ya solfa huhama, na do ya somo hili haihami.
4. Uzi gani wa gitaa hutoa sauti inayotajwa na ufunguo, nawe waushikaje?
5. Taja mahali pawili ambapo sauti hupanda kwa chumba kimoja tu.
6. Katika zoezi, ni nota zipi za wimbo zinazopigwa kwa nyuzi zilizo wazi?
7. Mwalimu alikuwa na maana gani aliposema, "Wavu hukamata samaki, haukamati maji"?
8. Kazi ya nyumbani: Mwombe mzee mmoja wa kwenu akuimbie wimbo wa kazi ambao vijana hawauimbi tena. Andika kipimo chake cha kwanza kwa mistari mitano, na chini yake uandike jina la mwimbaji, mahali, na mwaka.